Mwezi Ulioandama Jumatano

Mombasa, Mji wa Kale
Mfungo Mosi, siku ya kumi na tano kwa hesabu ya watu, ya kumi na sita kwa hesabu yangu

Kwa dada yangu Mwanaisha, uliyenilea na kunichapa kwa kadiri iliyokuwa ikihitajika,

Salamu zangu zikufikie kabla ya umbea, maana umbea wa Mombasa hauna haja ya stempu. U hali gani, dada? Goti limepona, ama bado lakupa habari za mvua? Na kifua cha shemeji? Mwambie aache tumbaku hata kama hataacha, apate kusema kwamba aliambiwa. Mimi mwili wangu ni mzima. Nala, nalala, nafanya kazi. Kidole kilichobanwa na jiwe mwezi wa Rajabu kimepona, umebaki ukucha ambao haujaamua kama utakaa au utakwenda.

Najua unachongoja ni neno moja, habari ya posa. Umeniandikia mara mbili ukiuliza ufunge safari lini, na kwamba kanga za bibi harusi umekwisha nunua na umezificha chini ya kitanda. Nitakwambia, lakini si mwanzo. Nikikwambia mwanzo hutasoma yaliyobaki, nami ni hayo yaliyobaki yaliyonifanya ninunue karatasi.

Tangu vita viishe, wenye nyumba za mawe wamekumbuka kwamba dari zao zinavuja, na sisi mafundi wa chokaa tumekuwa watu wa kutafutwa. Ramadhani yote tulikuwa juu ya nyumba ya Bohora mmoja, Mhindi muuza vitambaa, nyuma ya Ngome, mimi na Shee. Shee umemsoma katika barua zangu. Ndiye aliyenipokea miaka minne iliyopita, nilipofika na kikapu kimoja na jina la mwenyeji ambaye alikuwa ameshakufa. Alinipa mkeka. Akanifundisha chokaa ya hapa, ambayo ni kali kuliko yetu. Akanipeleka msikitini kwao akawaambia watu, huyu ni ndugu yangu, mtu wa Lamu. Hapa mtu asiye na jamaa hana jina mpaka apewe, na mimi langu nilipewa na Shee. Naliandika hili mapema usije ukadhani nilikuwa na kinyongo naye tangu zamani.

Shee amemwoa binti wa Mzee Athman, na anaishi nyumbani kwa mkwewe. Mzee Athman ndiye mkubwa wa msikiti wa mtaa wetu. Yeye ndiye anayetazama mwezi kila mwaka na neno lake ndilo linalopelekwa mbele. Yeye pia ndiye anayeulizwa fulani ni mtu wa namna gani. Bi. Mwanakombo, mama yake Zuwena, hakuikataa posa yangu. Alisema tu kwamba kwa kuwa sina mtu hapa wa kunisemea, atasikiliza Mzee Athman atasemaje. Kwa hiyo, dada, Ramadhani hii sikufunga tumbo peke yake. Nilifunga na mikono na miguu na kicheko. Nilikuwa mwema kiasi cha kuchosha.

Siku ya ishirini na tisa ilikuwa Jumatano. Bohora wetu alikuwa ameshasali Idi yake. Wao hawagombani na mwezi, wana kalenda, na kalenda haina mawingu. Alitupandishia sahani ya mithai iliyofunikwa kwa karatasi, akatuomba radhi kwa kuwa tumefunga, akasema tule itakapotufikia zamu yetu. Nikaichukua mimi.

Chokaa mbichi haijui Ramadhani. Siku za mwanzo lazima inyweshwe maji mara kwa mara, la sivyo hupasuka. Ndiyo sababu magharibi ilitukuta juu. Tulifungua kwa tende na maji ya debe, kisha Shee akainama akaendelea kumwaga maji, mimi nikasimama kunyosha mgongo. Mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Makupa tangu adhuhuri. Yakafunguka, si sana, kama mlango uliosahauliwa. Na ndani yake ulikuwa mwezi, mwembamba, umelala chali, kama alama inayoachwa na ncha ya mwiko. Nikamgusa Shee begani, sikusema kitu. Alitazama, akaweka debe chini, akasema, "Alhamdulillahi. Ule pale." Akasoma Alhamdu kwa sauti, nikaitikia Amina. Wingu likarudi.

Nakwambia kwa utaratibu huu kwa sababu nimeyasema kwa utaratibu huuhuu mbele ya watu, na hayakunisaidia.

Sitakuficha lililokuwa moyoni. Kwanza nilimshukuru Mungu. Pili, bila kukawia, nikafikiri kwamba mtu aliyeuona mwezi hutajwa mtaa mzima, na Bi. Mwanakombo ana masikio. Nilishuka ngazi za Bohora kama mtu aliyeitwa kupewa kitu, Shee nyuma yangu.

Wazee walikuwa wamepanda juu ya msikiti na wameshashuka. Mzee Athman alikuwa ametoa neno, hakuna mwezi, tunakamilisha thelathini. Walikuwa wamekaa barazani nje ya msikiti, na harufu ya futari kutoka majumbani ilikuwa imewafanya wote wakubaliane naye upesi. Nikasalimu. Nikampa Mzee Athman mkono, na mkono wake ukapita kando ya wangu ukarudi mapajani. Nikadhani ni kwa sababu nina chokaa. Nikasema nimeuona.

Aliniuliza upande gani, nikasema. Akauliza umekaaje, nikasema. Akauliza nilikuwa na nani.

"Na Shee," nikasema.

Dada, nimewahi kuona ukuta ukianguka. Kabla haujaanguka huwa kuna kimya kidogo, na vumbi jembamba hutoka kwenye viungo vya mawe, nawe wajua. Shee alitazama viatu vyake.

"Mimi nilikuwa nimeinama, nanywesha chokaa," akasema. "Sikuona kitu."

Nikamwambia, "Shee, ulisoma Alhamdu."

"Nilisoma kwa kuwa wewe ulionyesha mkono."

Mambo yangeweza kuishia hapo. Mwezi wa Idi wataka mashahidi wawili, mimi ni mmoja, basi ingetosha kuambiwa mmoja hatoshi nikaenda zangu na heshima yangu. Lakini mzee mmoja, wa wale wanaopenda kazi iishe vizuri, akauliza kama huyu mgeni mwenyewe ni mtu wa kushuhudia. Swali hilo halikuwa langu kulijibu. Wote wakamgeukia aliyenileta.

Mimi, kama ujuavyo, sikusoma mbele ya sheikh. Nimesoma kwa kukaa nyuma, karibu na viatu, miaka minne ya darsa za alasiri. Lakini masharti nayajua. Shahidi asiwe mtu wa madhambi makubwa. Asiwe mwongo. Na awe na muruwa, yaani asifanye jambo ambalo watu wa heshima hulionea haya, kama kula njiani au kwenda kichwa wazi. Hilo la mwisho ndilo watu hulishika, maana uongo hauonekani na mhogo unaonekana.

Naam, ulikuwa mhogo. Shee alisema taratibu, kama mtu anayemtoa mwenziwe mwiba, "Kusema kweli, Shaabani nilimwona Feri akila mhogo wa kuchoma, anatembea nao. Na kichwa wazi."

Ilikuwa kweli tupu. Tulikuwa tumetoka Likoni kutazama mawe, njaa imetushika. Mhogo alinunua yeye, vipande viwili, na chumvi na pilipili, akanipa kimoja. Kofia yangu ilikuwa imechukuliwa na upepo tukiwa majini, na Shee alicheka mpaka akakaa chini. Katika maneno yake hakuna hata moja la uongo. Alijitoa tu yeye mwenyewe ndani ya habari, kama mtu anavyojitoa unyoya kwenye kanzu.

Nilitaka kusema naye alikula. Lakini ningesema hivyo, ningekuwa nimesema nini, ila kwamba nilikula?

Tukiwa bado tumekaa, akapita Yohana, Mtaita wa reli, anayepanga chumba jirani na changu. Alikuwa anatoka kazini. Ni mtu wa adabu, hapiti watu bila kusalimu. Akavua kofia akasema, "Heri ya sikukuu, wazee wangu. Nimeuona mwezi wenu nikitoka Makupa."

Nadhani hata Mungu alitabasamu. Wazee nao walitabasamu, kwa upole, kama tunavyomtabasamia mgeni aliyeingia sebuleni na viatu. Mzee Athman akamwambia, "Ahsante, bwana. Pita salama." Yohana ni Mkristo, hahesabiwi. Akapita salama. Nami nikaenda nyumbani, mwongo na mla njiani, na sahani ya Bohora mkononi.

Nilikuwa nimekaa kitandani ndipo mkono wa Mzee Athman uliponirudia, ule uliopita kando ya wangu. Nikakumbuka na mengine. Siku hizi hasomi msahafu, husoma kwa moyo na kufungua kurasa. Shee humtangulia ngazini akisema kwa sauti habari zisizo na maana, kumbe anamwonyesha njia. Yule mzee hana macho, dada. Amesimama juu ya msikiti akatazama mbingu asiyoiona, akatoa neno. Na Shee alijua. Kusema mwezi ulikuwapo ni kusema mkwewe ni kipofu, mbele ya mtaa. Nikamwelewa. Kumwelewa hakukunipunguzia kitu. Afadhali ningekuwa simwelewi, ningemchukia nikapumzika.

Sasa kulikuwa na jambo la Alhamisi. Aliyeuona mwezi wa Idi kwa macho yake haruhusiwi kufunga kesho yake, maana kufunga siku ya Idi ni haramu. Wala hafai kula mbele ya watu wasiouona, wakamdhania mabaya. Basi afungue kwa siri. Sharti hili nililisikia darsani nikacheka moyoni, nani huyo atakayefika huko. Nilifika mimi. Asubuhi nikaoga, nikavaa kanzu safi, nikafunga mlango kwa komeo, nikasali peke yangu kati ya kitanda na ndoo. Nje mtaa wote umefunga. Idi ya mtu mmoja, dada, inafanana sana na kujificha polisi.

Sijatia kitu kinywani, mlango ukagongwa. Alikuwa Shee.

"Una ile mithai?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ninayo."

"Basi nifungulie."

Akaingia, akakaa mkekani, ule mkeka alionipa yeye. Akasema ametoka nyumbani kwa kisingizio cha kazi, na kwamba hawezi kufunga leo.

"Huwezi kwa nini?" nikamwuliza.

"Wajua."

"Sijui. Sema."

"Kwa kuwa ni Idi."

"Nani kakwambia?"

Alitazama sahani. Halafu akasema polepole kwamba yule mzee akijulikana hali yake watu watamwondoa mbele, na akiondolewa mbele atakufa kabla ya mwaka, na yeye Shee, mkewe na wanawe wako chini ya dari ile. Nilimsikiliza. Mpaka hapo nilikuwa karibu kumwonea huruma.

"Na wewe wapoteza nini, Bakari?" akasema. "Wewe u mtu wa kuja."

Mtu wa kuja. Nimeitwa hivyo na wapishi wa mahamri, nimeitwa hivyo na watoto, sijali. Lakini yeye alinipa jina, na nikamwona akilichukua tena, taratibu, kama mtu anayedai ngazi yake aliyokuazima.

Nikamsogezea mithai. Sikumnyima, kwa sababu ni kweli ilikuwa Idi na ni kweli alikuwa ameuona, na kama kuna dhambi ya kufunga siku ile nisingependa iandikwe nusu kwake na nusu kwangu. Tulikula, watu wawili wazima wakilamba sukari nyuma ya komeo. Ladu la Bohora halina makosa, siwezi kusema halikuwa tamu. Alipomaliza akafuta vidole, akanyosha mkono, akasema, "Idi njema, Bakari. Tusameheane."

Nikamwambia, "Idi ni kesho, Shee. Waulize watu."

Akaondoka. Alikanyaga ngazi kama mwivi, na akainamisha uso kama mtu aliyefunga.

Magharibi ya Alhamisi mbingu ikawa nyeupe, mwezi ukatoka kila mtu auone. Ulikuwa juu, mnene, umekaa kwa raha, kama mtu aliyekwisha lala hapa siku moja. Nilikuwa barazani pembeni. Watu wakautazama. Mmoja akasema mkubwa mwaka huu. Mwingine akasema thelathini zikitimia huwa hivyo. Wa tatu akakubali, tena akaeleza sababu. Hakuna aliyegeuza shingo upande wangu, na kwa kutogeuza huko nikajua kwamba kila mmoja ananiona.

Baada ya Idi yao nikaanza kujua maana ya salamu. Hapa salamu ina ngazi nyingi. Wauliza hali, na za nyumbani, na za kazi, na habari za tangu juzi, na kila jibu lina jibu lake. Mimi nilianza kujibiwa ngazi ya kwanza tu. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenikataa. Nilipewa salamu kama anavyopewa chai mtu ambaye hatutaki akae.

Bi. Mwanakombo akaniita. Alizungumza nami kutoka nyuma ya pazia la ukumbini, kwa utulivu, akasema hana la kusema juu yangu. Lakini watu wanasema. Mimi niende kwa Mzee Athman, nimwambie wingu lilinichanganya, mtu mwenye saumu huona vitu. Mambo yatakwisha.

"Na kama halikunichanganya, mama?"

"Nenda tu, mwanangu."

Nikaenda, dada. Sitakudanganya kwamba nilikwenda nikiwa nimeamua. Nilikwenda nikiwa na maneno mawili mfukoni, moja la kweli na moja la kuoa, nikisema nitaona lipi litatangulia kutoka. Ilikuwa baada ya alasiri. Nilimkuta Mzee Athman peke yake barazani kwake. Nikasalimu, akanitambua kwa sauti, akanionyesha mahali pa kukaa, palipokuwa na chetezo cha ubani. Nikakaa kando ya chetezo.

Kabla sijasema kitu akaniuliza, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake kabla, "Pembe zake zilikuwaje?"

Nikamwambia zilikuwa zimeelekea juu, ya kaskazini imeinuka kidogo.

"Nyota yoyote karibu?"

Nikasema hapana, wingu lilikuwa jembamba lakini lilizifunika.

Midomo yake ilikuwa ikienda. Nadhani alikuwa akisoma ile dua ya kuuona mwezi, kwa kuchelewa kwa siku nane. Kisha akasema, "Ulikuwa ni wenyewe. Ahsante." Tu. Dada, nilitaka kumbusu mkono. Nilijiona nimelipwa kila kitu, mhogo na salamu na mtu wa kuja. Nikasema moyoni, huyu atasema. Mzee mwenye kujua hivi hawezi asiseme.

Wakaingia wazee wawili kwa ajili ya kahawa, na Shee nyuma yao ameshika buli. Mzee Athman akainua kichwa. Uso wake ukajikunja, ukawa ule wa siku zote.

"Huyu Bakari amekuja kutengua neno lake," akawaambia. "Amekubali kwamba lilikuwa wingu. Huo ndio uungwana."

Mmoja akasema mashaallah. Wa pili akanishika bega. Shee akamimina kahawa, akanipa kikombe cha kwanza, mimi, kabla ya wazee. Kikombe kilikuwa cha moto, nikakipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa na muda wa kusema. Nakuhakikishia, muda ulikuwapo, mrefu kuliko ule wa wingu. Nikanywa kahawa.

Na siku ile ile nikawa mwema. Nimejaribu kulifahamu jambo hili na bado nalizunguka. Niliposema kweli nilikuwa mtu asiyefaa kusikilizwa. Iliposemwa kwamba nimekiri uongo, ambao sikuukiri, nikawa mwadilifu, salamu zikarudi ngazi zake zote, hata na za paka wa nyumbani. Mhogo haukutajwa tena. Mhogo umesamehewa, dada. Nilidhani watu huamua zuri na baya kwa kutazama jambo. Sasa naona hutazama kwanza nani atafedheheka, kisha hutafuta jambo la kutia mahali pake. Sisemi ni watu wabaya. Wanapeana futari, wanaosha maiti ya mtu wasiyemjua. Mimi mwenyewe walinipokea sina kitu. Ndiyo maana inauma. Wabaya ningewajua.

Bi. Mwanakombo akatuma habari kwamba posa imekubaliwa, nikahi baada ya wiki tatu. Mashahidi, Mzee Athman na Shee.

Nilikaa na furaha hiyo siku tano. Nikanunua kitambaa cha kanzu. Nikaanza barua ya kukuita, nikaiandika mara tatu, na kila nikifika pale pa kueleza posa ilivyopatikana, kalamu yangu inakwenda kuangalia dirishani. Siku ya sita nikaenda kwa Bi. Mwanakombo asubuhi. Nikakaa upande wangu wa pazia, nikamwambia kwamba sikutengua neno. Mzee Athman alisema, mimi nilinyamaza. Mwezi niliuona. Sitaki kuingia nyumbani kwake na uongo, na akitaka kuniondoa aniondoe.

Akakohoa kidogo. Akasema, "Najua."

"Wajua nini, mama?"

"Nilikuwa juu naanua nguo. Ulikaa kidogo tu, kisha wingu."

Nikamwuliza mbona hakusema.

"Nimwambie nani?" akasema, bila hasira. "Mwanamke ashuhudie mwezi? Ningepanda wapi nikasimama nikasema?"

Hilo ni kweli. Lakini nikamwuliza, na aliponituma kwa Mzee Athman nikaseme ni wingu?

"Nataka binti yangu aolewe na mtu anayesalimiwa."

Hilo nalo ni kweli. Kila niliyemwuliza katika jambo hili, dada, ana kweli yake nzuri, imepigwa pasi. Nikasema basi, naomba kitu kimoja. Zuwena aambiwe kabla ya nikahi. Ajue anaolewa na mtu ambaye hakusema uongo, ila alinyamaza. Awepo mtu mmoja katika mtaa huu anijue nilivyo, na awe mke wangu.

Bi. Mwanakombo akacheka kidogo, kicheko cha mama, hakikuwa na ubaya. "Zuwena ndiye aliyenionyesha," akasema. "Macho yake mazuri. Aliuona kabla yangu."

"Naye asemaje?"

"Asema unyamaze."

Nyuma ya pazia nikasikia bangili. Hakuwa mbali. Alikuwapo wakati wote.

Nikaaga vizuri, nikatoka. Jioni nikamtuma Yohana, maana ndiye mtu pekee hapa ambaye neno lake halina faida wala hasara, apeleke habari kwamba naomba posa isimame. Sikufanya kwa ushujaa. Mashujaa husema barazani, mimi nilinywa kahawa. Nimefanya kwa woga wa jambo dogo. Ningeingia nyumba ambayo kila aliyemo ameona alichokiona, na kila mwaka, jioni ya ishirini na tisa, tungepanda juu, mimi na mke wangu na mama yake, tukatazama upande wa Makupa, kisha tukashuka kuuliza kama mwezi umeandama.

Basi, dada, usifunge safari. Zile kanga zitoe chini ya kitanda, vaa wewe. Shemeji akiuliza mwambie ni zawadi yangu, na sasa ni kweli. Nikimaliza dari ya Bohora nitahamia upande wa Kilindini, kuna nyumba za reli zinazotaka mafundi, na watu wa huko hawanijui kwa jema wala kwa mhogo. Shee bado tunafanya kazi pamoja mpaka mwisho wa wiki. Ananipitishia maji, nampitishia mwiko. Chokaa inashika vizuri.

Nisalimie mama mkubwa, mwambie dawa ya mgongo niliipata na nimeitumia vibaya. Nisalimie mwalimu wangu wa chuoni, ambaye alisema sitafika popote, umwambie bado sijafika. Nisalimie shemeji na kifua chake. Mjomba aliyeniuzia kile kikapu mwambie kikapu ni kizima. Watoto wabusu kwa umri, mdogo kwanza.

Na jambo moja la mwisho. Huko kwenu lazima kuna siku mlisali Idi, na lazima kuna mtu alisimama mahali akatazama mbingu hizihizi jioni ile ya Jumatano. Ukinijibu, niandikie kila kitu, goti na mvua na umbea wote, lakini hilo usiniandikie. Nikiijua siku yenu nitataka kumwonyesha mtu barua yako, na hapa hakuna wa kumwonyesha. Wote wanajua.

Ni mimi nduguyo mdogo, mwenye macho mazima na afya njema,
Bakari